Njia ya Brunel: iliwarusharusha abiria 1838, ikahamishwa kwa siku mbili 1892

Mninga_Mkavu

Wakuu, kila uzi wa Isambard Kingdom Brunel unaishia kwenye madaraja na meli. Huu ni wa njia yenyewe: reli, mbao na kokoto za Great Western Railway. Hapo ndipo alipokosea waziwazi, na hapo hapo ndipo pakaja kuwarahisishia kazi waliobaki, miaka 33 baada ya yeye kufa.

Kwa ufupi tu kabla ya kushuka chini. Aliteuliwa mhandisi wa kampuni Machi 1833, bado hajatimiza miaka 27. Sheria ya ujenzi ilipita Bungeni 1835. Kipande cha kwanza, London hadi karibu na Maidenhead, kilifunguliwa tarehe 4 Juni 1838, na njia nzima mpaka Bristol, kama kilomita 190, tarehe 30 Juni 1841.

Wenzake wakati huo walikuwa wakitumia geji (umbali kati ya reli mbili) ya futi 4 na inchi 8½ (mm 1,435). Sehemu nyingi reli ilikaa kwenye vikalio vya chuma cha kusubu, vikalio vikapigiliwa juu ya majabali yaliyochongwa. Kila jabali linatitia kivyake, na reli katikati ya majabali inaelea hewani. Brunel alikataa mambo mawili kwa mpigo: geji ile (yeye alichukua ya futi 7, ndiyo "geji pana"), na reli kushikiliwa hapa na pale.

Njia yake ukiipasua kutoka juu kwenda chini ilikuwa hivi. Reli yenyewe ina umbo la U iliyopinduliwa, na miguu miwili ya kupitishia parafujo. Uzito wa mwanzo ni ratili 43 kwa yadi, yaani kilo 21 hivi kwa mita, nyepesi mno. Chini yake ubao mwembamba wa mti mgumu. Chini ya ubao, boriti ya msonobari ya futi 30 hivi, upana inchi 12 hadi 14, unene inchi 5 hadi 7, imelala KUFUATA reli, si kuikingama kama mataruma tuliyoyazoea. Kila futi 15 kuna boriti za kukatiza zinazoshika pande mbili zisiachane. Mbao zilichovywa kwanza kwenye maji yenye kloridi ya zebaki ili zisioze, njia iliyopewa hataza na John Howard Kyan 1832.

Halafu kuna nguzo. Katikati ya reli mbili alipigilia ardhini nguzo za mti, nyingine futi 8, nyingine hadi futi 18 kwenye matuta, na boriti za kukatiza zikafungwa kwenye vichwa vya nguzo hizo. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Karibuni.

Kipimo1067

Nguzo za nini, mkuu, wakati boriti imelala mzima mzima kwenye kokoto? Kitu kilicholala hakihitaji kushikwa mkono.

GangaMkuu

Mkuu Kipimo, nguzo hazikuwekwa kubeba. Ziliwekwa kuvuta chini.

Boriti ikilala tu juu ya kokoto, gurudumu likipita inabonyea, likiondoka inainuka, na kila inapoinuka inaacha upenyo wa maji na matope. Brunel alitaka boriti iwe imebanwa tayari kabla treni haijafika. Kwa hiyo walipigilia nguzo, wakafunga boriti za kukatiza kwa bolti, kisha wakashindilia mchanga na changarawe chini ya boriti ndefu kwa nguvu mpaka boriti itake kunyanyuka. Changarawe inasukuma juu, nguzo inavuta chini, mbao haina pa kwenda. Wazo ni zuri kabisa kwenye karatasi.

Kilichoiangusha ni tuta bichi. Changarawe ilititia chini ya uzito wa treni, na tuta lenyewe likatitia, lakini nguzo zilikuwa zimegonga udongo mgumu chini, hazikushuka. Basi boriti ikabaki imening'inia kwenye vichwa vya nguzo na kubonyea katikati, kila futi 15. Yaani njia iliyobuniwa ili reli ibebwe urefu wote ikageuka kuwa reli inayobebwa kwenye vituo, tena vya mbali kuliko majabali ya wenzake.

Piga hesabu. Futi 15 ni mita 4.6. Treni ya maili 30 kwa saa inakwenda mita 13.4 kwa sekunde. Abiria anapandishwa na kushushwa karibu mara 3 kila sekunde. Spring za mabehewa ya wakati ule zisingeweza kumeza mtikisiko huo, zenyewe zilikuwa na kasoro zake.

Dawa ilikuwa fupi kuliko ugonjwa: boriti zikaachanishwa na nguzo, changarawe ikashindiliwa upya, boriti nene zaidi zikatumika kwenye vipande vilivyofuata na reli ikapandishwa hadi ratili 62 kwa yadi, kama kilo 31 kwa mita. Bila nguzo, njia ile ile ikadumu kwa miongo. Kwa hiyo wanaosema "boriti za Brunel zilishindwa" wanakosea. Zilizoshindwa ni nguzo.

Mninga_Mkavu

Na reli kuwa nyepesi ilichangia. Watu wanasahau reli yenyewe ni boriti. Ya kilo 21 haiwezi kuvuka pengo la futi 15 kwa heshima hata uiombe.

Tao_la_Matofali

Niongeze la wakurugenzi. Malalamiko yalipozidi mwaka 1838, wanahisa, hasa wale wa Liverpool, walitaka Brunel apimwe na watu wa nje. Wakaitwa wahandisi Nicholas Wood na John Hawkshaw. Wood akamtumia mwanasayansi Dionysius Lardner kufanya majaribio ya kichwa cha treni North Star, na matokeo yake nusura yamalize kazi ya Brunel na geji pana pamoja:

tani 82 kwa maili 33 kwa saa
tani 33 kwa maili 37
tani 16 kwa maili 41

Lardner akatoa hukumu kwamba ni upinzani wa hewa: geji pana ina uso mpana, upepo unakula nguvu yote, hivyo mwendo wa juu ni ndoto.

Vali_na_Pistoni

Hapo kwenye namba za Lardner tukae kidogo, maana ndipo utamu ulipo.

Zisome kwa jicho la fundi. Mzigo umepungua mara tano, kutoka tani 82 hadi 16, lakini mwendo umeongezeka maili 8 tu. Kama shida ingekuwa kuvuta mzigo, mwendo ungeruka. Mashine inagonga dari fulani bila kujali umeifungia nini nyuma. Dari ya namna hiyo kwenye injini ya mvuke kwa kawaida ni boila: pistoni zinameza mvuke haraka kuliko boila inavyoutengeneza.

Boila inapata wapi pumzi? Mvuke uliokwisha kazi kwenye silinda hautupwi hivi hivi. Unapelekwa kwenye bomba linaloelekea juu, chini ya dohani. Mvuke ukifyatuka kupanda dohani unaburuta moshi, moshi unaburuta hewa kupita kwenye mabomba ya boila na motoni. Kadiri pistoni zinavyokwenda mbio, ndivyo moto unavyovutwa zaidi. Mambo mawili huharibu mpango huo. Mdomo wa bomba ukiwa mwembamba mno, mvuke unabanwa na kurudi kuzizuia pistoni. Na bomba lisipokaa katikati kabisa, mvuke unapiga ubavu wa dohani badala ya kuijaza, na uvutaji unakufa.

Brunel na Daniel Gooch, msimamizi wake wa vichwa vya treni, walifungua North Star wakakuta ndiyo shida hiyo. Wakapanua mdomo wa bomba na kuhakikisha mvuke unatoka katikati ya dohani. Mwisho wa Desemba 1838 mashine ile ile ikavuta tani 40 kwa maili 40 kwa saa, kwa chini ya theluthi ya makaa ya awali. Wakurugenzi wakabaki na Brunel na geji pana ikabaki.

Upepo unazuia treni, hilo ni kweli, ila si kwa kiasi cha kupuuza bomba lililokaa upande. Gooch wakati huo alikuwa na miaka 22.

Kipimo1067

Halafu North Star ilitoka kwenye karakana ya Robert Stephenson, mpinzani wake wa geji nyembamba 😀

Vali_na_Pistoni

Naam. Na si bahati mbaya. Brunel aliwaandikia watengenezaji masharti ya ajabu: kichwa kisizidi tani 10.5, na pistoni zisizidi futi 280 kwa dakika treni ikiwa kwenye maili 30. Ukitaka pistoni ziende polepole na treni iende haraka, lazima gurudumu liwe kubwa mno. Wakamletea magurudumu ya futi 8, mengine futi 10, na boila ndogo kwa sababu uzito umebanwa. Madubwana yale yalikuwa yakikaa karakana kuliko njiani. North Star haikuagizwa kwa masharti yake. Ilikuwa imetengenezwa kwa reli ya New Orleans yenye geji ya futi 5½, ikarekebishwa. Gurudumu futi 7, boila ya kutosha. Kwa mashine za mvuke Brunel hakuwa na mkono, na kumwajiri Gooch Agosti 1837 ndiko kulikomwokoa.

Ramani_Bi

Swali la nje kidogo ya kokoto: kwa nini njia yake ni tambarare hivyo? Daraja la Maidenhead linasemwa ni bapa kupita kiasi.

Tao_la_Matofali

Bi Ramani, majibu mawili yanakutana hapo. Upande wa London mwinuko wa njia umebanwa sana, na juu ya daraja lile ni 1 kwa 1,320, yaani unapanda futi 1 kwa kila futi 1,320. Hata kwa macho huoni. Chini yake ni mto Thames wenye mashua, kwa hiyo nguzo nyingi mtoni hazikuruhusiwa. Huwezi kupandisha daraja kwa sababu ya mwinuko, wala kuongeza nguzo kwa sababu ya mashua. Kilichobaki ni kulibapiza tao: matao mawili makubwa ya matofali, kila moja upana futi 128 (mita 39), kimo futi 24 tu (mita 7.3). Hakuna aliyekuwa amejenga tao la matofali pana na bapa kiasi hicho.

Tao bapa linasukuma kwa mlalo kuliko kwa wima, kwa hiyo chokaa kati ya matofali ndiyo yenye kazi ngumu. Mwaka 1838 mkandarasi alilegeza jukwaa la mbao lililoshikilia tao mapema mno, saruji ya tao la mashariki haijakauka. Pete tatu za chini za matofali zikaachana na zile za juu, ukabaki ufa. Magazeti yakashangilia, ila kosa halikuwa la mchoro, na mkandarasi alikiri. Sehemu ile ikajengwa upya.

Safari hii Brunel akaacha majukwaa ya mbao yabaki, lakini akayalegeza kimya kimya yasiguse tao. Watu wakawa wanasema daraja limesimama kwa hisani ya mbao. Vuli ya 1839 dhoruba ikazibeba mbao zote. Daraja halikutikisika, na treni zinalipita mpaka leo.

Kipimo1067

Turudi kwenye geji. Kwa nini futi 7 na robo inchi? Na kama ilikuwa bora, kwa nini ilikufa?

GangaMkuu

Robo inchi iliongezwa baadaye ili magurudumu yapate nafasi ya kucheza, hasa kwenye kona. Futi 7 kamili ilikuwa inabana. Sababu ya upana wenyewe: Brunel alitaka bodi la behewa likae chini, katikati ya magurudumu makubwa, uzito uwe karibu na ardhi. Jambo la kuchekesha ni kwamba mabehewa mengi yaliyojengwa yalikaa juu ya magurudumu kama ya wengine, kwa hiyo faida aliyoianzia hakuichukua. Aliyoipata ni nyingine: nafasi pana ya boila na ya moto katikati ya magurudumu.

Mwaka 1845 tume ya serikali ilizishindanisha. Ixion, kichwa cha treni cha geji pana, ilivuta tani 80 kwa maili 60 kwa saa kati ya Paddington (stesheni ya London) na Didcot. Upande wa pili, mashine bora ilifika maili 53 na tani 50, na nyingine ikapinduka. Kwenye uwanja, geji pana ilishinda wazi. Lakini tume ilihesabu pia maili zilizokwisha kujengwa: 1,900 hivi za geji nyembamba dhidi ya 274 za geji pana. Sheria ya 1846 ikaamuru njia mpya za abiria ziwe mm 1,435, isipokuwa Bunge likiruhusu vingine.

Huko Gloucester, geji mbili zilipokutana 1844, kila gunia, kila sanduku, kila kipande cha makaa kilishushwa behewa moja na kupakiwa jingine. Vitu vinavunjika, vinapotea, vinachelewa. Wa kwetu hahitaji kusafirishwa mpaka Gloucester kuelewa: Kidatu pale Tanzania, mm 1,000 ya TRC (Shirika la Reli Tanzania) na mm 1,067 ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) zinakutana na behewa halivuki.

Mninga_Mkavu

Na tazama kichekesho cha hesabu. Tofauti ya Gloucester ni mm 705, ya Kidatu ni mm 67. Ungedhani ya Kidatu ni rahisi kuunganisha. Ni kinyume! Ukitaka treni za geji mbili zitumie njia moja, unalaza reli ya tatu ndani, reli moja ya pembeni ikishirikiwa na wote. Mm 705 zinakaa reli ya tatu bila shida. Mm 67 ni nyembamba kuliko mguu wa reli yenyewe, na ukingo wa gurudumu nao unataka nafasi yake, kwa hiyo reli ya tatu haiingii. Ungehitaji reli nne.

Great Western walilaza reli ya tatu maili nyingi, ikafika Paddington 1861. Kwenye stesheni reli ya kushirikiwa iliwekwa upande wa jukwaa, ili behewa jembamba lisimwache abiria na shimo la mm 700 la kuruka. Sehemu ngumu ni makutano: kila njia panda ina ncha na vipenyo vya geji mbili, na ukikosea mpangilio, gurudumu moja linaenda kushoto na mwenzake anaenda kulia.

Ramani_Bi

Sasa hiyo ya siku mbili za 1892. Njia nzima kweli?

GangaMkuu

Hapana, hilo hukuzwa mno. Ubadilishaji ulikwenda kwa mafungu, kwa mfano njia ya kusini mwa Wales ilibadilishwa Mei 1872. Kilichobaki Mei 1892 ni fungu la mwisho, magharibi ya Exeter kwenda Cornwall, maili 171. Bado ni kazi ya kutisha: watu zaidi ya 4,000, Jumamosi tarehe 21 na Jumapili 22, na Jumatatu treni zinapita.

Na hapa ndipo njia ya Brunel ilipolipa deni. Kwenye njia ya mataruma ya kukingama, kubadili geji ni kufungua kila kikalio kwenye kila taruma, kutoboa upya, kufunga upya. Kwenye njia ya boriti ndefu, reli imeshikana na boriti yake. Huigusi parafujo hata moja. Unafanya hivi:

Wiki kadhaa kabla, changarawe inafukuliwa kati ya reli ili boriti ipate pa kupita. Boriti za kukatiza zinapimwa na kuwekwa alama, bolti zilizoota kutu zinalegezwa na kupakwa mafuta. Ijumaa usiku treni ya mwisho ya geji pana ikishapita, na vichwa na mabehewa yote yameshaondolewa kuelekea Swindon, kwenye karakana kuu ya kampuni, misumeno inaanza. Boriti ya kukatiza inapunguzwa mm 705. Kikosi kinashika mitaimbo na kwa sauti moja kinaisukuma boriti na reli yake kama ilivyo, mpaka iguse ncha iliyokatwa. Bolti zinakazwa, geji inapimwa kwa fimbo, changarawe inarudishwa na kushindiliwa. Mbele kwa kipande kinachofuata.

Vinywaji vilikuwa maji yaliyochanganywa na unga wa oti, si pombe. Uamuzi wa busara kwa watu elfu nne wenye misumeno.

Vali_na_Pistoni

Kwenye kona hamkugusia. Ukisukuma reli ya nje kuja ndani, njia yake inafupika na reli inazidi, lazima ukate. Ukisukuma ya ndani kwenda nje, inapungua, lazima uongeze kipande. Kwa kona inayogeuka nyuzi 90 tofauti ni mm 705 mara 1.57, yaani mita 1.1. Kwa hiyo kila kona ilihitaji vipande vya reli vilivyokatwa tayari na kulazwa kando, kila kimoja kwa kona yake. Ukisahau hilo, Jumapili jioni una pengo la mita moja na hakuna reli ya kuliziba.

Kipimo1067

Na vyuma vya zamani vilikwenda wapi?

Mninga_Mkavu

Swindon walilaza kama maili 15 za njia za pembeni, mabehewa na vichwa vya geji pana vikapangwa humo kusubiri. Vingine vilikuwa vimejengwa makusudi ili vibadilishwe magurudumu tu, vilivyobaki vikakatwa.

Boriti za kulala kufuata reli bado zipo Uingereza kwenye baadhi ya madaraja ya chuma, pale ambapo kokoto zingekuwa mzigo wa bure. Na zile reli za U iliyopinduliwa, ukipita mashambani magharibi mwa Uingereza utaziona zimesimikwa wima kama nguzo za uzio, matundu ya parafujo yakipitisha waya.